Bolti za ndoano ya kunasulia gari: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Masika yakikolea, udongo mweusi wa mbugani hauna mzaha. Gari linazama hadi kwenye ekseli, anatokea msamaria na Land Cruiser yake, mkanda unafungwa huku na huku, kisha watu wote wanakodolea macho mkanda. Hakuna anayechuchumaa kuangalia bolti mbili zilizoshika ndoano kwenye chasi.

Mimi nilianza kuziangalia baada ya kuona ndoano ya gari lililonasa iking'oka, ikapaa juu ya paa la gari lililokuwa likivuta na kutua mbele yake. Bolti moja ilibaki nusu ndani ya chasi, imekatika penye nyuzi. Bahati hakuna aliyeumia. Tulipomrudia fundi aliyeifunga alishangaa kwa dhati: "Lakini kaka, ile bolti ilikuwa ngumu kweli kweli!"

Inawezekana ilikuwa ngumu. Lakini nguvu ya kuvuta gari haiishii kwenye bolti. Inatoka kwenye mkanda, inapita kwenye shekeli (pingu ya chuma yenye pini, inayounga mkanda na ndoano), ndoano, bamba, bolti, nati, ndipo ifike kwenye ukuta wa chasi ambao unene wake ni milimita chache tu. Mengi yanayosemwa gereji kuhusu bolti hizi yanaangalia kituo kimoja na kusahau safari nzima. Haya ndiyo niliyoyasikia mara nyingi zaidi.

"Kitanzi cha mbele kilikuja na gari, kwa hiyo ni cha kuvutia"

Magari mengi ya mitumba tunayoendesha yametoka Japani kwa meli. Ndani ya meli gari hufungwa sakafuni kwa mikanda ili lisitembee bahari ikichafuka, na vitanzi vingi vyembamba vilivyo chini ya bampa viliwekwa kwa ajili hiyo. Vingine ni vya kukokota gari bovu kwenye lami, kama kile kipete cha kuzungusha kinachokaa pamoja na jeki. Kwenye lami gari linabingirika lenyewe, anayevuta anasaidia tu. Kwenye matope halibingiriki.

Tofauti hiyo ina kipimo. Jeshi la Marekani, katika mwongozo wake wa kunasua magari, lina kanuni ya haraka: gari likizama usawa wa magurudumu, hesabu upinzani sawa na uzito wa gari zima. Likizama hadi madigadi, hesabu mara mbili. Likifika usawa wa kebini, mara tatu. Land Cruiser ya utalii iliyobeba wageni, maji, mafuta na mabegi inafika tani 3 bila shida. Ikizama hadi madigadi unahitaji mvuto wa karibu tani 6, yaani kama kilonyutoni 59. Ishike hiyo 59, tutaihitaji mbele.

Kitanzi cha meli hakikubuniwa kwa mzigo kama huo. Ndoano au bamba la kunasulia la kweli ni nene, limeshikwa kwenye mhimili wa chasi kwa bolti mbili au zaidi, na ukilishika halikupi hisia ya nondo iliyokunjwa.

"10.9 inakatika kama kioo, weka 8.8 ambayo inapinda kwanza"

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na inasemwa na mafundi wazuri. Kwa hiyo tuifungue polepole.

Kichwa cha bolti ya milimita huwa na namba mbili zilizotenganishwa na nukta. Ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika, kwa nyutoni katika kila milimita ya mraba. Ya pili inaeleza ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti itaistahimili kabla haijaanza kurefuka bila kurudi. Basi 8.8 inakatika kwenye 800 na inaanza kurefuka moja kwa moja kwenye asilimia 80 ya hiyo, yaani 640. Na 10.9 inakatika kwenye 1,000, inaanza kurefuka kwenye 900.

Sasa ziweke namba hizo kando kwa kando. Mzigo unapofika 900, pale ambapo 10.9 ndiyo kwanza inaanza kurefuka, 8.8 ilishakuwa vipande viwili tangu 800. Kile "kupinda kwanza" kunakosifiwa kunatokea chini ya mzigo ambao 10.9 ingeubeba ikarudi kama ilivyokuwa. Ukiona bolti ya 8.8 imepinda baada ya kunasua gari, maana yake ni kwamba ilizidiwa.

Na kioo? Kioo hakirefuki hata kidogo kabla ya kupasuka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 898-1 kinadai kipande cha majaribio cha 8.8 kirefuke walau asilimia 12 kabla ya kukatika, na cha 10.9 asilimia 9. Tofauti ipo, lakini ni ya mtu mnene na mwembamba kidogo, siyo ya mpira na kioo.

Dhana hii ina chanzo chake, wala siyo ujinga. Mafundi wameona 10.9 zilizokatika kwa mkato safi. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zimelegea kabla, au zilikazwa kwa bomba refu hadi zikapita kiasi, au zilikatwa kwenye nyuzi zilipokuwa zimekaa vibaya. Nitayarudia yote matatu.

Kwa bolti za inchi zilizo kwenye magari ya zamani ya Kimarekani hakuna namba, kuna mistari kichwani. Mistari mitatu ni Gredi 5, jamaa wa karibu wa 8.8. Mistari sita ni Gredi 8, jamaa wa 10.9.

"Basi tuweke 12.9, tumalize ubishi"

Hapana. Zile nyeusi zenye tundu la pembe sita kichwani zinavutia, na kwa namba ni kali kweli. Lakini chuma kikishakuwa kigumu kiasi hicho kinaanza kuogopa haidrojeni. Zikipakwa zinki kwa umeme bila uangalifu, haidrojeni inajipenyeza ndani ya chuma, na bolti inaweza kukatika yenyewe saa kadhaa au siku kadhaa baada ya kukazwa, gari likiwa limeegeshwa. Zisipopakwa zinki zinashika kutu upesi, na kutu yenyewe nayo inazalisha haidrojeni. Chini ya gari linalopita kwenye maji na matope, sioni sababu. Zaidi ya hapo, 12.9 inataka nati ya gredi 12, na nani anayo dukani?

Kanuni ya nati ni nyepesi: bolti ya 8.8 iende na nati ya 8, bolti ya 10.9 iende na nati ya 10. Ukiweka nati laini kwenye bolti kali, nyuzi za nati ndizo zitakazochanika, tena polepole na kwa siri.

"Bolti ni bolti, mradi imeingia"

Nenda Gerezani pale Dar es Salaam, au Kirinyaga Road Nairobi, useme unataka bolti ya 12. Utapewa. Angalia kichwa chake. Kama hakina namba yoyote, ihesabu kama 4.6 hata muuzaji akikuapia kwa mama yake. Bolti ya 4.6 inakatika kwenye 400 na inaanza kurefuka kwenye 240. Ile ya M12, yaani yenye kipenyo cha milimita 12, yenye nyuzi za kawaida ina milimita za mraba 84 hivi za chuma kinachofanya kazi kwenye nyuzi. Piga hesabu: 4.6 inabeba karibu kilonyutoni 34 ikivutwa moja kwa moja, 8.8 karibu 67, 10.9 karibu 84. Kwa macho zote tatu ni pacha.

Halafu kuna suala la uzi. Toyota hupenda uzi mwembamba: bolti nyingi za M10 na M12 kwenye magari yake zina hatua ya milimita 1.25 kutoka jino hadi jino. Bolti ya M12 inayouzwa madukani mara nyingi ni ya 1.75. Unene ni uleule, kwa hiyo inaanza kuingia, inabana, fundi anaongeza spana, na inaendelea kuingia huku ikila nyuzi za nati iliyochomelewa ndani ya chasi kiwandani. Mwisho inakuwa "imekaza vizuri sana". Imekaza kwa sababu imekwama. Nati ile ya ndani ikishaliwa huwezi kuibadilisha bila kukata chasi, na hapo ndipo watu wanaanza kufikiria kuchomelea.

Jaribio lake ni la bure: bolti sahihi inazungushwa kwa vidole hadi ndani kabisa. Ikigoma kwenye mzunguko wa pili au wa tatu, itoe.

Na tukiwa hapo kwenye vidole: usirudishe bolti ya zamani kabla ya kuipitisha nati kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho wa uzi. Nati ikisimama katikati ambapo hakuna uchafu wala kovu, bolti imerefuka. Itupe mbali, siyo kwenye kopo la bolti za akiba, maana kopo lile linasahau.

"Bolti ndiyo inayobeba mzigo, kama msumari"

Wengi tunaiona bolti kama msumari: bamba linavutwa mbele, bolti inalizuia kwa ubavu wake. Sivyo bolti ilivyokusudiwa kufanya kazi. Ukiikaza, inarefuka kidogo sana kama springi ngumu, na kwa kutaka kurudi inabana bamba na chasi pamoja. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaokataa bamba lisiteleze. Muda wote msuguano unaposhinda, ubavu wa bolti haujui hata kama gari linavutwa.

Tuone unashinda hadi wapi. Bolti mbili za M12 za 10.9 zilizokazwa sawasawa zinabana kwa takribani kilonyutoni 52 kila moja, jumla kama 104. Chuma juu ya chuma kikiwa safi na kikavu, chukua msuguano wa moja ya tano. Unapata 21. Sisi tulisema tunahitaji 59.

Kwa hiyo kwenye mvuto wa kweli wa matope, bamba litateleza sehemu ya milimita hadi bolti ziguse ukingo wa matundu, na hapo zinaanza kukatwa kama kwenye mkasi. Nguvu ya kukatwa kwa ubavu ni kama asilimia 60 ya nguvu ya kuvutwa. Sasa inakuwa muhimu sana mkasi ule unapita wapi. Ukipita penye nyuzi, 10.9 moja ya M12 inastahimili karibu kilonyutoni 50. Ukipita penye shingo laini isiyo na uzi, ambako chuma ni milimita za mraba 113, inastahimili karibu 68. Bolti ileile, bei ileile. Ndiyo maana bolti yenye uzi hadi kichwani, ambayo mafundi wengi wanaipenda kwa kuwa inakaza popote, siyo ya kazi hii. Nunua ndefu yenye shingo laini inayovuka mpaka wa bamba na chasi, kisha ukate uzi unaozidi nyuma ya nati.

Rudi sasa kwenye bolti zisizo na namba. Mbili za 4.6, mkasi ukipita kwenye nyuzi, zinastahimili kama kilonyutoni 40 kwa jumla. Gari linataka 59. Ndoano niliyoiona ikiruka haikuwa na siri nyingine.

Yapo mawili zaidi yanayokula hesabu hii. La kwanza ni rangi. Bamba lililopakwa rangi nene ya unga likibanwa juu ya chasi yenye lami ya kuzuia kutu, tabaka hizo zinajisaga taratibu na mbano unapungua hata kama nati haijageuka. Kwangua sehemu zinazogusana hadi chuma kionekane, paka rangi nyembamba ya kuzuia kutu, basi. La pili ni nyenzo, yaani ndoano kufanya kazi kama mtaimbo. Ndoano nyingi zinaning'inia chini ya chasi. Mkanda ukivuta mbele, ndoano inataka kuzunguka: ukingo wa mbele wa bamba unakandamizwa juu, bolti ya nyuma inavutwa chini. Kama sehemu ya kuvutia imeshuka sentimeta 6 na bolti zimeachana sentimeta 6, bolti ile ya nyuma inapata mvuto unaokaribia nguvu yote ya mkanda, juu ya ule mkasi uliokwisha kuipata. Chagua bamba ambalo bolti zake zimeachana mbali, na ambalo sehemu yake ya kuvutia haijashuka sana. Likiwa na bolti ya tatu ubavuni mwa chasi, bora zaidi.

"Kaza mpaka mkono ushindwe"

Mkono wa nani? Bolti ya M12 ya 10.9 inataka kukazwa kwa nyutonimita 120 hivi, sawa na kuning'iniza kilo 40 kwenye ncha ya spana ya sentimeta 30. Mtu mzima anafika hapo bila kugugumia. Akichomeka bomba la mita moja na kuegemea kwa nguvu ileile, amepita 400, na bolti inarefuka akiwa anajisifu. Na bolti ya M10 ya 8.8 haitaki hata nusu ya hizo 120. Spana ya kupimia mkazo siyo ya mafundi wa ndege peke yao. Kama huna, kaazima.

Grisi inabadilisha hesabu. Kipimo cha spana hakipimi mbano, kinapima ugumu wa kuzungusha, na sehemu kubwa ya ugumu huo ni msuguano wa nyuzi na wa uso wa nati. Paka grisi, kaza kwa 120 zilezile, na mbano unaweza kuruka kwa theluthi moja, ukagusa kikomo cha bolti. Ukipaka, punguza kwa robo hivi.

Na kuna chasi yenyewe. Mhimili wa chasi ya boksi ni bomba lenye pembe nne, tupu ndani. Ukipitisha bolti ndefu kutoka upande mmoja hadi mwingine na kukaza, unakunja kuta zake kama kopo la maziwa, na kwa kuwa kuta zinaendelea kusalimu amri, mbano hauji kamwe. Dawa yake ni kipande cha bomba la chuma nene, kimekatwa urefu sawasawa na upana wa ndani wa chasi, bolti ikapita katikati yake. Upande wa pili weka bamba pana la kuegemea, siyo washa nyembamba inayozama ndani ya tundu. Na usitoboe kingo za juu au za chini za chasi kutafuta nafasi ya bolti ya nne. Kingo hizo ndizo zinazobeba gari.

"Washa ya springi inazuia nati isifunguke"

Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa mashine yake ya kutikisa kwamba kinachofungua nati ni miondoko ya ubavu: bamba likiteleza huku na huku kidogo kidogo, nati inajizungusha yenyewe. Mashine hiyo bado inatumika leo, na washa ya springi ikipimwa humo haisaidii kitu cha maana. Ikishakazwa inalala bapa na kuwa washa ya kawaida, tena mbaya, kwa kuwa imepasuliwa.

Weka washa bapa iliyotiwa ugumu, chini ya kichwa na chini ya nati. Kwa kuzuia kufunguka, nati yenye pete ya nailoni inatosha mbali na joto la ekzosi, na haipaswi kurudiwa mara nyingi. Gundi ya nyuzi nayo ni nzuri, nyuzi zikiwa safi. Lakini kinga ya kwanza ni mbano wa kutosha, kwa sababu bamba lisiloteleza halifungui nati.

"Sisi wa pwani tunaweka stenlesi, haishiki kutu"

Naelewa kishawishi. Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi inakula kila kitu. Ila stenlesi ya kawaida ya madukani ni A2-70: inakatika kwenye 700 na kurefuka kwenye 450. Iko chini ya 8.8, achilia mbali 10.9. Pia nyuzi za stenlesi kwa stenlesi hupenda kung'ang'aniana wakati wa kukaza, ukabaki na nati isiyokwenda mbele wala nyuma. Iache kwenye carrier ya juu na kwenye vidaka tope. Kwa ndoano tumia 10.9 yenye zinki ya kiwandani, uikague kila mwaka, na ibadilishe kutu ikianza kula shingo. Bolti nne mpya ni nafuu kuliko kioo cha gari.

"Kuchomelea ni imara kuliko bolti"

Hapa nawavunjia heshima kidogo mafundi wetu wa jua kali, ambao kwa mengine nawavulia kofia. Ndoano ya nondo iliyokunjwa na kuchomelewa chini ya chasi inaonekana ya kudumu milele. Lakini hujui nondo ile ni chuma gani, hujui moto ulipenya kiasi gani, na pembeni mwa mshono kuna ukanda wa chasi ulioungua na kubadilika tabia. Ukivutwa mara moja kwa mshtuko, ufa huanzia hapo hapo. Mchomeleaji mwenye ujuzi, bamba sahihi na umeme wa kutosha anaweza kufanya kazi nzuri, lakini kuitambua kazi hiyo kwa macho tu ukiwa mnunuzi ni kubahatisha.

Kilicho kibaya zaidi ni kuchomelea bolti au nati yenyewe "isifunguke". Ugumu wa 10.9 unatokana na kupashwa moto, kuzimwa, kisha kupashwa tena kwa kipimo, kwa nyuzi joto zisizopungua 425 za Selsiasi. Moto wa kuchomelea unapita mbali na hapo na kufuta kazi yote ya kiwandani. Kichwani bado pameandikwa 10.9.

"Bamba limeandikwa tani 8, kwa hiyo niko salama hata kwa mnyororo"

Tani 8 zilizoandikwa ni za bamba. Bolti, nati na chasi yako hazikuhudhuria jaribio hilo. Uliza kama bamba linauzwa na bolti zake na kama limebuniwa kwa modeli ya gari lako. Kama jibu ni "linaingia magari yote", lirudishe.

Mnyororo ni habari nyingine. Gari la kilo 2,500 likija kwa kilomita 15 kwa saa lina nishati ya karibu kilojuli 22, na nishati hiyo lazima imezwe na kitu. Mkanda wa kunyumbuka wa mita 9 wenye nguvu ya tani 8, unaorefuka kwa asilimia 20 kabla ya kukatika, utaimeza kwa kurefuka kama mita moja, na nguvu ya juu itafika kilonyutoni 43 hivi. Bolti zetu za 10.9 zinaipokea hiyo. Sasa weka mnyororo. Tuseme mnyororo, ndoano na chasi kwa pamoja vinalegea sentimeta 10, na huo ni ukarimu. Nguvu inapanda hadi kilonyutoni 430. Haitafika, kwa sababu kitu kitakatika kabla, na hakuna gredi ya bolti iliyotengenezwa kwa mzigo huo. Mnyororo na kamba ya waya ni vya kuvuta polepole, kwa winchi au kwa gari lililokwisha kuukaza mnyororo, bila kukimbilia.

Mkanda nao una kipimo chake. Nchini Australia, ambako mchezo huu umeua watu, lebo ya mkanda hutakiwa kueleza kwamba nguvu yake iwe kati ya mara mbili na tatu ya uzito wa gari likiwa limejaa. Wenye mkanda wa tani 15 kwa Suzuki Jimny wanajidanganya: hauwezi kurefuka kwa gari jepesi kama hilo, unakuwa mnyororo wa nailoni.

Ukiwa na ndoano mbili mbele, gawanya mzigo kwa mkanda wa pembe, yaani mkanda unaoshika ndoano zote mbili na kuvutwa katikati. Pembe ikiwa nyuzi 60, kila ndoano inabeba asilimia 58 ya mvuto. Ikifunguka hadi nyuzi 120, kila moja inabeba mvuto wote, umepoteza faida na umeongeza mvuto wa ubavuni. Mkanda mrefu, pembe nyembamba.

"Goroli la trela ni chuma kizito, litashika"

Watu wamekufa kwa hili Australia, goroli likikatika shingoni na kuruka kama risasi ya mzinga huku limefungwa kwenye mkanda uliovutika. Goroli, ile tufe ya chuma ya kuungia trela nyuma ya gari, linabuniwa kuvuta trela inayobingirika. Shingo yake ni nyembamba kuliko kichwa, na mkanda ukikaa juu unaikunja. Usiweke kitanzi hapo hata kwa "mara moja tu".

Kuna wanaotoa goroli na kuingiza kitanzi cha mkanda ndani ya boksi la hichi (bomba la mraba nyuma ya gari ambamo goroli huchomekwa), kisha wanapitisha pini. Ni afadhali, ila pini inakunjwa katikati kwa kuwa mzigo wote unakaa mbali na kuta zinazoishika, na baadaye hutaitoa bila nyundo na matusi. Kipande cha chuma kinachojaza boksi na kuishia kwa tundu la shekeli kinaugawa mzigo wa pini sawasawa. Shekeli nayo iwe na maandishi ya mzigo wake. Ile ya tani 4.75, yenye pini ya milimita 22 hivi, ndiyo watu wengi wa magari haya wanayobeba.

"Imeshafungwa, imefungwa"

Baada ya kufunga bamba jipya mimi huchora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Baada ya kilomita mia za kwanza za barabara ya makorogesheni narudi chini ya gari na spana ya kupimia, kwa sababu rangi na kutu vilivyobaki katikati vimeshasagika na mbano umepungua. Tangu hapo natazama mstari tu kila ninapopima oili. Mstari ukiwa umenyooka, napita. Ukiwa umevunjika, ndoano hiyo haivutwi siku hiyo, tutachimba kwa koleo.